Kinachowaka Kwanza: Historia ya Kuni, Mkaa na Makaa ya Mawe

Leo katika somo letu la historia hatutazungumza juu ya vita wala juu ya wafalme. Tutazungumza juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiacha nyumbani kikiwa kimefunikwa na majivu, yaani makaa. Tutatazama jinsi watu walivyokuja kuelewa mambo yanayotokea ndani ya kipande cha kuni, au cha makaa ya mawe, tangu kinapopata joto mpaka kinaposhika moto. Elimu hiyo ilichelewa, na kuchelewa kwake kuliua watu wengi. Na hapa kwetu Morogoro elimu hiyo hiyo inagusa mfuko wa mchoma mkaa, na miti ya milima ya Uluguru.

Kwanza namwomba mwalimu wa darasa awashe mshumaa. Auache uwake dakika mbili hivi, kisha aupulize uzimike. Mtaona uzi wa moshi mweupe unapanda kutoka kwenye utambi. Hapo hapo awashe njiti ya kibiriti, aisogeze kwenye ule moshi, kiasi cha upana wa vidole viwili juu ya utambi, bila kuugusa utambi wenyewe.

(Kimya kidogo, mwalimu afanye jaribio.)

Mmeona? Mwali umeruka, ukashuka kwa njia ya moshi, na mshumaa unawaka tena. Kama haikufaulu, fungeni dirisha, maana upepo huharibu, mjaribu tena. Basi moshi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa nta ya mshumaa iliyogeuka mvuke kwa joto, ikapanda hewani bila kuwaka. Ulikuwa chakula cha moto ambacho moto haukupata nafasi ya kukila.

Jaribio hilo lilipata sifa kwa sababu ya Mwingereza mmoja, jina lake Michael Faraday. Alizaliwa mwaka 1791, na baba yake alikuwa mhunzi. Hakusoma shule nyingi. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akakaa kazini miaka 7. Wenzake walishona karatasi na kubandika ngozi. Yeye alifanya hayo, kisha akavisoma vile vitabu. Mwaka 1813 alipata kazi ya msaidizi katika Taasisi ya Kifalme ya London, na humo akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa sayansi duniani. Katika sikukuu za Krismasi za mwaka 1860 alitoa mihadhara sita kwa vijana, yote juu ya mshumaa mmoja tu. Nawatajia habari zake kwa sababu kuna mtu darasani kwenu anayedhani kwamba kuanza kusoma baada ya kazi ni kuanza kwa kuchelewa.

Sasa tupande mlimani. Miongoni mwenu wapo wanaojua kuchoma mkaa, na jambo nitakalosema wao wanalijua kwa macho. Tanuri la udongo likishapangwa magogo, likafunikwa majani na udongo, likawashwa, mchoma mkaa hakai ndani kutazama moto. Hauoni. Anachokitazama ni moshi. Kwanza hutoka moshi mweupe, mzito, wenye unyevu: hayo ni maji yaliyokuwamo ndani ya mti. Maji hayo ni lazima yatoke kwanza, na kadiri yanavyotoka joto la gogo halipandi sana kupita digrii 100 za Sentigredi. Ndiyo maana kuni mbichi husumbua jikoni. Moto unafanya kazi ya kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla haujachemsha maji yaliyo ndani ya sufuria.

Baadaye moshi hubadilika, ukawa mzito na wa manjano manjano, unaowasha macho. Hapo gogo limefika digrii 200 na zaidi, na mti wenyewe umeanza kuvunjika. Unatoa gesi, yaani vitu vilivyo kama hewa, pamoja na mvuke wa lami. Gesi hizo nyingi zinaweza kuwaka. Katika kilo 100 za kuni zilizo kavu kabisa, kilo 75 au hata 85 zinaweza kutoka kwa namna hiyo. Mwisho moshi huwa mwepesi, wa samawati, na mchoma mkaa hujua kwamba gesi zimekwisha. Sasa huziba matundu yote upesi, maana kilichobaki ndani ni mkaa wenyewe, na hewa ikiendelea kuingia mkaa nao utaungua na kuwa majivu.

Angalieni basi. Mwali mnaouona juu ya kuni zinazowaka si kuni zinazowaka. Ni gesi iliyotoka katika kuni. Gesi ikiisha, mwali hutoweka, kikabaki kipande chekundu kinachong'aa bila mwali: hapo ndipo mkaa unapowaka. Mchoma mkaa amekwisha kuitoa gesi huko porini. Ndiyo sababu akina mama wa mjini wanaununua mkaa wake, kwa kuwa hauwatoi machozi. Wahunzi wa Afrika Mashariki nao waliutumia mkaa wa miti kuyeyushia chuma kwa karne nyingi kabla ya kuja Wajerumani, wakiupuliza kwa mivukuto. Walihitaji joto kali, nao waliujua vizuri.

Wajerumani walipokuja walileta moto wa namna nyingine. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1907 reli hiyo ikafika Morogoro. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Wazee wetu walipoona mashine ile inapita chini ya milima, waliiita gari la moshi. Hawakuiita gari la moto, wala gari la chuma. Nadhani jina hilo ni zuri kuliko walivyojua wenyewe, maana moshi mweusi wa bomba la gari lile ulikuwa ni hasara ya shirika la reli inayoonekana kwa macho. Mtia moto akizijaza kuni au makaa mengi kwa mara moja, gesi hutoka kwa wingi kuliko hewa iliyopo ya kuziunguza. Basi hupita katika bomba, huenda zake, na joto lake halimsaidii mtu. Mtia moto hodari alitia kidogo kidogo. Magari ya mvuke yamekwisha zamani. Yakaja ya dizeli, na tangu Juni mwaka 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro bila moshi wowote. Hata hivyo watu hawajaacha kusema gari moshi.

Nimetaja makaa ya mawe. Yafaa nieleze, kwa kuwa wengine hawajayaona. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea ya zamani mno, iliyofukiwa na matope, ikagandamizwa na kupashwa joto chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka hadi ikawa kama jiwe jeusi. Kwetu Tanzania yapo kusini magharibi. Mgodi wa Kiwira, karibu na Ziwa Nyasa, ulifunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, na mwaka 2011 yakaanza kuchimbwa ya Ngaka, katika mkoa wa Ruvuma. Yakipashwa joto la digrii 350 au 400 hivi, nayo huanza kutoa gesi na mvuke wa lami kama kuni, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kinachobaki ni kitu cheusi chenye matundu matundu, ndugu yake mkaa wetu.

Uingereza ilijenga viwanda vyake kwa makaa hayo, na chini ya ardhi ndiko gesi ilikowaonyesha watu ukali wake. Tarehe 28 Septemba mwaka 1844, katika mgodi wa Haswell huko kaskazini mwa Uingereza, kulitokea mlipuko. Wanaume na watoto wa kiume 95 walikufa. Watoto wakati ule walifanya kazi migodini. Serikali ilimtuma Faraday, pamoja na mtaalamu wa mawe na ardhi, Charles Lyell, wakasikilize uchunguzi na kuutazama mgodi.

Kuna kisa ambacho Lyell alikieleza baadaye. Walitaka kujua jinsi mwendo wa hewa ya mgodini unavyopimwa. Mkaguzi akachota baruti kidogo kwa vidole, akaidondosha juu ya mwali wa mshumaa, na mwenzake mwenye saa akapima moshi unakwenda kwa kasi gani. Faraday akasema njia hiyo ni sahihi, lakini baruti nyingine mnaiweka wapi? Wakamjibu kwamba imo katika mfuko, imefungwa vizuri. Na mfuko uko wapi? Wakamwambia: umeukalia. Walikuwa wamempa mgeni wao mfuko wa baruti awe na pa kuketi, huku mshumaa unawaka! Watu waliozoea hatari huifanya kiti.

Lakini kazi yenyewe aliifanya kwa makini. Kila mtu alijua kwamba katika migodi hutoka gesi iwakayo, na kwamba ikikutana na taa isiyo salama hulipuka. Faraday na Lyell waliona jambo zaidi. Juu ya nguzo za mgodi kulikuwa na vumbi la makaa lililogandamana kama ukoko. Faraday alilipima vumbi hilo, akakuta limepoteza sehemu kubwa ya lami na gesi zake, kana kwamba limepikwa. Maana yake ni hii. Mlipuko wa kwanza, mdogo, ulilitimua vumbi lililolala sakafuni. Vumbi likapata joto, likatoa gesi yake, gesi ikashika moto, na moto huo ukatimua vumbi la mbele. Hivyo mlipuko ulijilisha wenyewe njiani kote.

Hayo yaliandikwa, yakachapwa, na kwa miaka mingi hayakufuatwa inavyopasa. Wenye migodi na hata baadhi ya wataalamu waliendelea kubishana kama vumbi peke yake linaweza kulipuka. Tarehe 10 Machi mwaka 1906, huko Courrières nchini Ufaransa, mlipuko wa vumbi la makaa uliua watu 1,099. Mabishano yakapungua. Baada ya hapo Waingereza na Wafaransa walijenga mapango ya majaribio wakalipua vumbi kwa makusudi, na ikathibitika kwamba dawa yake ni rahisi: kunyunyiza vumbi la mawe ya kawaida juu ya vumbi la makaa. Jiwe halitoi gesi iwakayo. Likitimuliwa pamoja na makaa, hunyang'anya joto, na makaa hayafiki kwenye joto la kutoa gesi. Miaka 62 ilipita kati ya Haswell na Courrières. Kwa maoni yangu, katika historia yote ya moto hakuna kipindi kinachoumiza moyo kama hicho, maana jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda Ulaya kujua kwamba gesi huwaka kabla ya kitu chenyewe. Tarehe 10 Agosti mwaka 2019, hapa Msamvu, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Makaa ya mawe yanahitaji joto kali ndipo yatoe gesi, petroli haihitaji. Inatoa mvuke wake juani na hata kivulini, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini usioonekana. Anayesimama mbali na dimbwi la petroli anaweza kuwa amesimama ndani ya mvuke wake.

Turudi kwenye vumbi, maana kuna hesabu hapa. Chukueni kipande cha makaa chenye pande sawa kama dadu, kila upande sentimita 1. Kina nyuso 6, kila uso sentimita 1 ya mraba, kwa hiyo nje yake kina sentimita 6 za mraba. Mkikikata kiwe vipande vyenye upande wa milimita 1, mtapata vipande 1,000, na nyuso zao zote pamoja ni sentimita 60 za mraba. Mkikata tena kila upande uwe sehemu ya kumi ya milimita, vipande ni 1,000,000, na nyuso ni sentimita 600 za mraba. Makaa hayakuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni mahali pa joto kuingilia na mahali pa gesi kutokea. Kwa hiyo bonge la makaa hukaa jikoni saa nzima, na vumbi lake huwaka kama baruti.

Katika karne ya 20 watu wakaifanya hatari hiyo kuwa mtumishi. Walianza kusaga makaa yawe laini kama unga wa mahindi uliokobolewa, hata zaidi, na kuyapuliza pamoja na hewa katika matanuri makubwa ya kuzalishia umeme. Mji wa Milwaukee, Marekani, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo katika kituo cha umeme, tangu mwaka 1918. Matanuri ya saruji nayo hutumia unga wa makaa, na viwanda vya saruji vya Tanzania ni wanunuzi wakubwa wa makaa ya kusini mwa nchi yetu.

Lakini fundi anayejenga tanuri kama hilo anataka kujua mapema: chembe ya makaa ikiingia, itatoa gesi baada ya muda gani? Kiasi gani? Itashika moto mahali gani? Chembe hiyo ni nyembamba kuliko unywele, nayo hupashwa joto kwa kasi ya makumi ya maelfu ya digrii kwa sekunde moja. Gesi yake hutoka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na mkaa unaobaki humalizika katika sekunde 1 hivi. Macho hayawezi kufuata. Basi wataalamu wakatengeneza mfano wa hesabu, yaani chembe ya kuwaza iliyoandikwa kwa tarakimu, wakilinganisha majibu yake na majaribio.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Howard na Essenhigh, walionyesha jambo lililowashangaza wengi: chembe ndogo sana haingoji gesi yake iwake kwanza. Hewa huufikia uso wake wakati gesi bado haijatoka vya kutosha, na uso huo huanza kuungua wenyewe. Kwa hiyo ile kanuni niliyowapa, kwamba gesi huwaka kwanza na mkaa baadaye, ni ya kweli kwa gogo, kwa kuni na kwa bonge. Kwa chembe ndogo mno inaweza kugeuka. Sayansi ina tabia hiyo ya kurudi na kusahihisha mwalimu.

Mwaka 1977 Howard yule yule, pamoja na Kobayashi na Sarofim, wakaandika mfano ambao mafundi wameutumia sana tangu hapo. Walisema ndani ya makaa kuna njia mbili zinazoshindana. Joto likiwa dogo na la polepole, hushinda njia inayotoa gesi kidogo na kubakiza mkaa mwingi. Joto likiwa kali na la ghafula, hushinda njia inayotoa gesi nyingi na kubakiza mkaa kidogo. Kwa hiyo huwezi kuuliza tu, makaa haya yana gesi kiasi gani? Ni lazima uulize pia, yatapashwaje?

Sasa mkaeni kimya kidogo mfikiri. Mzee anayechoma mkaa huko Kilosa anaijua njia ya kwanza tangu ujana wake. Akiacha matundu wazi, tanuri likakimbia, asubuhi hukuta mkaa kidogo, mwepesi, uliojaa majivu. Akiubana moto ukaenda polepole, hupata mkaa mwingi, mzito. Kobayashi na wenzake waliandika kwa tarakimu kanuni iliyo jamii moja na hiyo. Tofauti ni kwamba wao wangeweza kusema ni kiasi gani, na kwa joto gani, mahali ambapo mzee huyo hutegemea pua na macho.

Na kiasi ndicho chenye maana. Tanuri la kienyeji likichomwa bila uangalifu, kilo 100 za kuni kavu huacha kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Tanuri lililopangwa vizuri, kwa magogo yaliyokauka na lenye bomba la kuongoza moshi, laweza kuvuka kilo 25. Fanyeni hesabu: mtu anayepata kilo 10 anakata miti mara mbili na nusu ya yule anayepata 25, kwa gunia lile lile. Mwaka 1980 redio iliendesha kampeni ya Misitu ni Mali katika vikundi kama vyenu, na kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya Kilosa vimefundishwa kuvuna miti kwa zamu na kuchoma katika matanuri bora. Juu ya Uluguru kwenyewe ni jambo jingine. Ile misitu ni chanzo cha mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Huko haitoshi kuboresha tanuri. Huko tanuri halitakiwi kabisa.

Limebaki neno moja, hasa kwa ndugu zetu wa Mgeta na sehemu nyingine za baridi. Nimesema mkaa hauna moshi. Sikusema hauna gesi. Mkaa unaowaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa tunayovuta. Mtu husikia kichwa kuuma, kisha usingizi, asiamke. Jiko likiwa jekundu zuri, lisilo na moshi hata kidogo, ndipo watu hulichukua ndani wakafunga mlango. Msilale nalo. Likae nje.

Kwa juma lijalo kila kikundi kimtafute mchoma mkaa mmoja, kimwulize rangi za moshi kwa mpangilio wake na siku anazongoja kabla ya kufunua tanuri. Mwandishi wa kikundi aandike majibu kwa maneno ya mchoma mkaa mwenyewe. Wale wa hesabu wakate kipande cha muhogo chenye upande wa sentimita 2 kiwe vipande 8 vilivyo sawa, wapime nyuso kabla na baada, waniletee jibu. Somo lijalo litakuwa juu ya chumvi na njia zake za zamani kutoka pwani. Kwaherini.